Shule ya Sanaa ya Makerere na Mafundisho Yake



Katika nchi yetu hii ya Geita, mtu akitamka neno "faida", mawazo ya watu hukimbilia dhahabu. Hapa Buseresere, katika Wilaya ya Chato, barabara itokayo Geita kwenda Biharamulo hupita katikati ya maduka, na mzazi aliyekuja sokoni huwaona kwa macho yake watu waliotajirika kwa kuchimba mwamba, na wengine waliofilisika kwa kazi ile ile. Basi mzazi huyo akisikia kwamba mwanawe shuleni amepewa kipindi kizima cha kuchora picha na kufinyanga udongo, hana budi kuuliza: Je, kazi hii yaleta nini nyumbani? Swali hilo si la upumbavu, wala halina kejeli ndani yake. Ni swali la haki, na sisi walimu haifai tulikwepe.

Leo twapenda kulijibu, si kwa maneno matupu ya kuusifu uchoraji, bali kwa kusimulia habari za shule moja iliyo ng'ambo ya Ziwa, huko Kampala. Shule hiyo ni Shule ya Sanaa ya Makerere. Ilianza bila nyumba yake na bila cheti. Hata hivyo imetoa wachongaji, wachoraji na walimu wa Uganda, Kenya na Tanzania, na baadhi ya kazi zao zimefika London na New York. Tena ndani ya shule hiyo kulikuwa na mashindano makubwa ya mawazo juu ya namna ya kumfundisha mtoto wa Kiafrika. Mashindano hayo, twaona, hayajaisha hata sasa katika madarasa yetu.

Mwanzilishi wake alikuwa Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904. Alijifunza uchoraji katika shule ya Slade, iliyo sehemu ya Chuo Kikuu cha London, kisha akajifunza ualimu katika mji ule ule. Mwaka 1929 alifika Kenya pamoja na mumewe, Dokta Hugh Trowell, nao wakakaa Machakos katika nchi ya Wakamba. Huko Bibi Trowell aliangalia kwa makini kazi za mikono za wenyeji. Mwaka 1935 walihamia Kampala, maana Dokta Trowell alitakiwa katika hospitali ya Mulago. Ndipo, mwaka 1937, Bibi Trowell alipoanza kuwafundisha wanafunzi wachache kuchora na kuchonga, akiwakusanya barazani pa nyumba yake mwenyewe. Baraza lile ndilo lililokuwa chuo cha kwanza.

Ili tufahamu uzito wa jambo hilo, ni lazima tukumbuke mawazo ya siku zile. Wazungu wengi walisadiki kwamba watu wa Afrika ya Mashariki hawana sanaa. Walikuwa wameona vinyago vya Kongo na vya Afrika ya Magharibi katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Walipofika huku wakaona vibuyu, mikeka, vyungu, vikapu na nguo za magome ya miti, wakaviita kazi za mikono tu, wakapita. Na katika shule nyingi somo la kuchora, kama lilikuwako, lilikuwa kumpa mtoto kikombe au jani aliige mstari kwa mstari, mpaka mkono wake utii. Mtoto hakuulizwa ameona nini moyoni mwake. Bibi Trowell alikataa njia hiyo, na mwaka ule ule wa 1937 alitoa kitabu juu ya sanaa na kazi za mikono za Kiafrika, na jinsi ya kuziendeleza shuleni.

Njia aliyoitumia hakuitunga peke yake. Aliipokea kwa mwalimu wake, Bibi Marion Richardson, na habari za mwalimu huyo zatufaa sana sisi watu wa nchi ya migodi. Bibi Richardson alianza kazi mwaka 1912 katika shule ya wasichana ya mji wa Dudley, katikati ya Uingereza. Dudley haukuwa mji wa makasri na bustani. Ulikuwa katika nchi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma, ambayo Waingereza wenyewe huiita Nchi Nyeusi kwa sababu ya moshi na masizi yake. Katika mji huo, mwalimu huyo aliwaambia wasichana wafumbe macho, akawasimulia jambo fulani kwa maneno: barabara wakati wa jioni, mvua juu ya mapaa, taa dukani. Kisha aliwaambia wangoje mpaka kila mmoja aone picha yake mwenyewe ndani ya fikira zake, ndipo afumbue macho na kuichora. Mwaka 1917 Roger Fry, mtaalamu mashuhuri wa sanaa wa London, alipoziona picha hizo alistaajabu, akazionyesha hadharani. Basi njia iliyokuja kuanzisha uchoraji wa Makerere ilizaliwa mahali penye moshi wa viwanda na vumbi la migodi. Asiwepo mtu wa kutuambia kwamba mahali pa wachimbaji si mahali pa sanaa.

Huko Kampala Bibi Trowell aliifuata njia hiyo kwa watu waliokwisha kuzoea kusikiliza. Aliwasimulia wanafunzi wake visa vya Biblia, hadithi za wazee, mambo ya shambani na sokoni, nao wakachora kwa kadiri walivyoona ndani ya nafsi zao. Nasi tulio watoto wa nchi ya hadithi twaweza kufahamu kwa nini mbegu ile ilishika. Mtoto aliyekaa motoni usiku akimsikiliza bibi yake akisimulia habari za sungura na fisi amekwisha kuwaona wanyama hao waziwazi kabla hajapewa kalamu. Mwalimu hakuleta macho mapya. Alimpa mtoto ruhusa ya kuyatumia yale aliyo nayo.

Kazi zao za kwanza zilionyeshwa Namirembe, Kampala, mwaka 1938. Mwaka uliofuata, 1939, zilipelekwa London na kuonyeshwa katika jumba lililoitwa Imperial Institute. Kutoka barazani hata London ilikuwa miaka miwili tu. Baadaye masomo yale yaliingizwa ndani ya Makerere, na shule ikakua pamoja na chuo chenyewe, ambacho mwaka 1949 kilipandishwa kuwa chuo kikuu kilichoshirikiana na Chuo Kikuu cha London. Wakati wa vita vya pili vya dunia Bibi Trowell alitunza pia Jumba la Makumbusho la Uganda, na mwaka 1953 yeye na Bwana Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda, toka ujenzi wa nyumba na ufinyanzi hata ngoma na zeze. Vile vitu walivyovipita wengine, yeye aliona vyastahili kuandikwa kimoja kimoja.

Sasa tuyatazame mashindano ya mawazo tuliyoyataja. Bibi Trowell aliamini kwamba mwanafunzi wa Kiafrika asionyeshwe upesi picha za Wazungu, wala asisomeshwe mapema kanuni za Ulaya za kuchora umbali na vivuli. Aliogopa wanafunzi wasije wakawa waigaji, wakaacha njia yao kabla hawajaijua. Aliamini pia kwamba sanaa haikuwekwa kwa ajili ya matajiri na majumba ya maonyesho tu. Yapasa kuutumikia umma, kanisani, shuleni na nyumbani, kama ilivyokuwa Ulaya katika karne za kale, ambapo fundi wa kijiji aliyechonga nguzo ya kanisa hakujiona yu mbali na mfinyanzi wala mwashi.

Twaona wema mwingi katika mafundisho hayo. Walakini wako waliouliza: Ni nani aliyempa mwalimu mgeni haki ya kuamua lipi ni la Kiafrika na lipi si la Kiafrika? Na mlango wa maarifa ukifungwa kwa nia njema, je, haukufungwa vile vile? Swali hilo halikuulizwa Makerere peke yake. Katika Nijeria kulikuwa na mchoraji aitwaye Aina Onabolu, aliyezaliwa mwaka 1882. Yeye alidai kwa bidii kwamba watoto wa Kiafrika wafundishwe kanuni zote za Ulaya za kuchora, maana alijua kwamba baadhi ya Wazungu walisema Mwafrika hana akili ya kuzishika, naye alitaka kuwaonyesha kuwa wamekosa. Mwalimu wa Kiingereza aliyeletwa huko mwaka 1927, Bwana Kenneth Murray, yeye alifuata njia nyingine: aliwahimiza wanafunzi wazirudie sanaa na mambo ya kwao. Basi fikirini, enyi wasikilizaji: Mwafrika ndiye aliyeshika upande wa maarifa ya Ulaya, na Mzungu ndiye aliyeshika upande wa mila za Afrika. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya kweli mkononi mwake.

Makerere sehemu ya pili ilikuja mwaka 1958. Mwaka huo Bibi Trowell alistaafu, na mahali pake pakashikwa na Profesa Cecil Todd, aliyekuwa amefundisha Afrika ya Kusini. Yeye aliufungua ule mlango. Alifundisha historia ya sanaa ya Ulaya tangu zamani hata ya siku zake, elimu ya rangi na jinsi zinavyopatana, na kuchora kwa kutazama kitu chenyewe badala ya kutegemea kumbukumbu tu. Wengine walisema kwamba amewatoa wanafunzi kijijini na kuwatupa katika njia za miji ya kigeni. Wengine walisema kwamba ndiye aliyewahesabu kuwa watu wazima, awezao kuona kila kitu na kuchagua wenyewe. Na shule ile, ambayo Profesa Todd aliiongoza kwa njia isiyo ya mwanzilishi wake, ndiyo iliyopewa jina la Margaret Trowell.

Mabishano ya namna hii hayamalizwi kwa maneno. Mti hupimwa kwa matunda yake. Basi na tuyatazame matunda.

Wa kwanza ni Gregory Maloba, mtu wa nchi ya Waluhya huko Kenya, aliyezaliwa mwaka 1922. Alifika kwa Bibi Trowell akiwa kijana, akajifunza uchongaji, kisha akawa mwalimu katika shule ile ile. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, ndiye aliyetengeneza sanamu ya ukumbusho wa uhuru isimamayo Kampala. Mtu mrefu aliyezungushiwa vifungo mwilini amemwinua mtoto juu ya kichwa chake, na mtoto huyo ameitupa mikono yake hewani. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja akipita pale huielewa habari yote: mzazi angali amefungwa, bali mtoto yu huru. Maneno ya hotuba za siku ile yamesahauliwa na wengi, lakini sanamu ingali yasema.

Wa pili ni Sam Joseph Ntiro, Mchagga wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere katika miaka ya 1940, akafundisha huko, akaenda London katika shule ya Slade kuanzia mwaka 1952 hata 1955. Yaani alikwenda chemchemini penyewe, alikosomea mwalimu wake. Watu walidhani atarudi akichora kama Mwingereza. Hakufanya hivyo. Aliendelea kuchora migomba ya Kilimanjaro, watu wakilima kwa ushirika, mifugo, vyakula na arusi, kwa njia yake iliyo rahisi na tulivu, akitoa picha katika kumbukumbu. Picha yake ya mwaka 1956, ionyeshayo watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba kubwa la sanaa ya kisasa la New York. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, alitumwa London kuwa balozi wetu hata mwaka 1964. Baadaye aliongoza mambo ya utamaduni serikalini na kufundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Wa tatu ni Elimo Njau, Mchagga wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932 na kusoma Makerere katika miaka ya 1950. Mwaka 1959 alimaliza picha tano kubwa katika ukuta wa kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa katika vita vya Mau Mau. Alichora habari za Bwana Yesu tangu kuzaliwa hata kusulubiwa, lakini watu wake ni Waafrika, na milima, miti na mashamba yao ni ya nchi ile ile wanayoishi waabuduo humo. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni twajua ni jambo gani hilo. Tulizoea kuona malaika weupe na vichungaji wenye nywele za dhahabu katika vitabu vya katekisimu, wala hakuna aliyetukataza kuuliza. Hatukuwaza tu kuuliza. Bwana Njau aliuliza kwa rangi, na jibu lake liko ukutani. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Nairobi nyumba ya sanaa iitwayo Paa ya Paa, ambayo ilikuwa kimbilio la wachoraji wengi.

Na wa nne ni mwanamke, naye ni mwalimu kama sisi. Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928, alisoma Makerere kuanzia mwaka 1950 hata 1952, siku ambazo wanawake katika shule ile walikuwa haba kabisa. Aliporudi kwao alifundisha watoto miaka mingi, wala jina lake halikuvuma. Alipokuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu ndipo aliporudia sanaa kwa nguvu. Rangi za dukani zilikuwa ghali. Basi alichukua makaratasi ya kufungia sabuni na mifuko ya unga, akayakata vipande vidogo vidogo, akavigandisha hata vikawa kuku, ng'ombe, wanawake na mashamba. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la sanaa la Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021. Mwalimu yeyote asemaye kwamba hawezi kufundisha sanaa kwa sababu hana rangi, na amtazame mama huyu.

Ukiwatazama wote wanne, waona kwamba hakuna aliyekuwa mateka wa upande mmoja. Bwana Ntiro aliiona Slade na bado akabaki na migomba yake. Bwana Njau alichora habari iliyoletwa na wamisheni akaivika uso wa nyumbani. Bwana Maloba alichonga kwa njia asiyoirithi kwa babu zake, na bado kila mpita njia humwelewa. Kwa hiyo twaona kwamba Bibi Trowell alisema kweli aliposema mtoto aanze na yaliyo ndani yake. Naye Profesa Todd alisema kweli aliposema asizuiliwe kuyaona ya wengine. Jambo ni mpango. Mtoto ajue kwanza kusema kwa lugha ya mamaye, ndipo ajifunze lugha za watu, wala haitamdhuru.

Shule ile ilipitia pia katika moto. Tangu mwaka 1971 hata 1979 Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, na katika miaka hiyo na iliyofuata walimu na wasanii wengi walikimbilia nchi nyingine, na vifaa vikawa adimu. Hata hivyo mlango haukufungwa. Katika miaka ya 1980 Francis Nnaggenda, mchongaji mashuhuri na mwalimu wa shule hiyo, alichonga katika gogo kubwa sanamu ya mtu aliyekatwakatwa na vita lakini angali amesimama wima, nayo ikawekwa katika maktaba ya Makerere. Leo shule yenyewe imo ndani ya chuo cha uhandisi, ubunifu, sanaa na teknolojia cha chuo kikuu hicho. Watu wameona mwishowe kwamba mkono uchorao na mkono ujengao ni mkono mmoja.

Hapo ndipo lilipo jibu la mzazi wetu wa sokoni. Mtoto ajifunzaye kuchora hujifunza kuona. Bwana Jonathan Kingdon, aliyezaliwa hapa kwetu Tabora mwaka 1935 na kufundisha sanaa Makerere, alitumia kalamu yake kuchunguza wanyama wa Afrika ya Mashariki, mifupa yao, misuli yao na mienendo yao. Vitabu vyake, vilivyoanza kutoka mwaka 1971, husomwa na wataalamu wa elimu ya viumbe duniani kote. Na mchimbaji wa Geita je? Yule mzoefu hulitazama jiwe ambalo mimi na wewe tungelitupa, akaona mstari na rangi zinazomwambia afuate upande gani. Jicho lake ndilo mtaji wake. Basi mzazi asifikiri kwamba kipindi cha kuchora chamtenga mtoto na kazi. Kipindi hicho chamfunza jicho, na jicho lahitajika kwa fundi seremala, fundi cherehani, sonara, mjenzi, mpima ardhi na muuguzi.

Lakini hatupendi kuishia katika faida ya kazi peke yake. Liko jambo jingine, na kwetu ndilo kubwa zaidi.

Tulisema kwamba wageni walidhani huku hakuna sanaa. Hata Makerere ilianza kwa kudhani kwamba yapanda katika shamba lisilolimwa. Je, ndivyo ilivyokuwa katika nchi yetu hii? Wazee wa Uzinza wajua habari za Barongo, wafua chuma, ambao tanuru zao za udongo ziliyeyusha mawe kuwa majembe yaliyouzwa hata Usukuma, zamani kabla ya mgodi wa Geita kufunguliwa katika miaka ya 1930. Na katika Usukuma walikuwako Bayeye, chama cha wacheza nyoka, ambao walichora kuta za nyumba walimofundishia waingiao chama. Walichora nyoka, watu na wakubwa wa chama wa kale, na mwanafunzi alifundishwa mambo ya chama kwa kuzitazama picha hizo. Tafakarini jambo hilo. Ilikuwa ni shule, yenye picha ukutani, yenye mwalimu na wanafunzi, wala hakuna aliyetoka London kuianzisha.

Bwana Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alizichunguza picha hizo na kuzitoa katika kitabu kilichopigwa chapa London mwaka 1953. Karibu na Mwanza, huko Bujora, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu vya kale vya Wasukuma, akajenga na kanisa ambalo ndani yake maumbo ya enzi na nyumba za watemi yametumika kwa kumtukuza Mungu. Twawashukuru wote wawili. Lakini ukuta wa udongo haudumu. Mvua ikiupiga pasipo mtu wa kuukandika, huanguka, na picha huanguka pamoja nao. Mtu atakaye leo kuzijua picha za Bayeye, mara nyingi huzikuta kitabuni na katika nyumba ya makumbusho, si kwa jirani yake. Tulikuwa na mali, nasi hatukujua kwamba ni mali mpaka mgeni alipoiandika. Hiyo ndiyo hasara ambayo twaogopa isirudiwe.

Na hasara hiyo hurudiwa kimya kimya kila mara kipindi cha sanaa kinapofutwa katika ratiba ili kipewe hesabu, kwa hoja kwamba mtihani hauulizi picha. Hatusemi hesabu ipunguzwe. Twasema kwamba mtoto asiyepewa nafasi ya kuonyesha alichokiona atakua akiamini kwamba hana alichokiona, na kwamba kila kilicho kizuri hutoka mbali katika sanduku.

Basi, walimu wenzetu mlio Buseresere, Katoro, Bwanga, Chato na kwingineko, twawaomba mambo matatu, wala hakuna hata moja linalohitaji fedha. La kwanza: udongo wa mfinyanzi uko mabondeni, makaa yako jikoni, na udongo mwekundu na mweupe uko kando ya njia, hivyo vyatosha kuanza. La pili: simulieni. Waambieni watoto wafumbe macho, muwape habari ya Ziwa alfajiri wavuvi warudipo, au ya mnada wa ng'ombe, au ya mtu ashukaye shimoni na wenziwe wamshikie kamba. Kisha waacheni wachore, wala msisahihishe upesi. La tatu: mwalikeni mzee ajuaye kufinyanga, kusuka au kuchonga aje darasani, mkae nanyi chini pamoja na watoto, mjifunze.

Katika watoto arobaini, yamkini hatatoka hata Maloba mmoja. Haidhuru. Watatoka watu arobaini wanaojua kutazama, na siku watakapouona ukuta wenye picha za babu zao unaanza kupasuka, watakuwamo wa kuchota udongo na kuukandika kabla mvua haijanyesha.